Mjukuu wa Zamu

3 Julai

Kwa Mkwe wangu, Mwalimu,

Mjukuu wetu amefika salama. Mwanangu Dereva alimshusha mlangoni saa nne asubuhi, akaniamkia huku ameshageuka, akakimbilia lori lake. Nakushukuru kwa kumtunza mwezi wa Juni. Nimemkuta amenenepa na anaongea bila kituo. Jina la Chiriku ulilompa ni jambo lako pekee ambalo sina la kusahihisha.

Sasa tuje kwenye boksi.

Mtoto alikuja na boksi la sabuni lililoandikwa kwa wino mwekundu KAZI ZA MIKONO, USIKANDAMIZE. Nililifungulia juu ya meza yangu ya kazi, meza ambayo kwa miaka thelathini na minane nimefungulia saa za mahakimu na madaktari. Kitu cha kwanza kilikuwa bakuli la magazeti yaliyogandishwa kwa uji. Mtoto akataka anywee maziwa humo. Nikamwonya. Akasema, "Bibi amesema ni bakuli." Nani mimi kubishana na Bibi? Tukamimina. Lilistahimili sekunde arobaini, nilipima, kisha kitako kikaporomoka na habari za michezo zikaelea mezani.

Cha pili, kiwavi wa trei ya mayai mwenye macho matatu. Cha tatu, donge la unga lililopakwa rangi ya bitiruti, limeota ukungu, nililizika nyuma ya nyumba kwa heshima zote.

Mkwe, naelewa kwamba ulifundisha sayansi kimu maisha yako yote, na kwamba mstaafu lazima atafute cha kufanya. Lakini kuna kazi za mikono na kuna takataka zilizogandishwa. Mtoto atakayekaa kwangu kuanzia Januari hatakuwa mtoto wa kuokota vifuniko vya chupa.

Nasema "atakayekaa kwangu" kwa sababu hesabu ni nyepesi. Binti yako, Nesi, yuko masomoni miaka miwili. Mwanangu, Dereva, analala barabarani. Januari mtoto atakuwa na miaka sita, na hawezi kusoma shule mbili kwa zamu, mwezi kwako mwezi kwangu. Wazazi wamesema mwisho wa Novemba wataamua abaki na nani. Mwenye macho mawili tu, wala si matatu, atajua la kuamua.

Mkweo,
Fundi Saa


9 Julai

Mkwe Fundi,

Dereva amenipa barua yako akiwa anatazama pembeni, kwa hiyo nadhani anajua tabia ya baba yake. Nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu. Nimekupa alama tatu kwa kumi. Moja ni ya mwandiko, ambao kwa kweli ni mzuri, umesimama wima kama askari wa gwaride. Mbili ni za kukutia moyo.

Bakuli lile ni la kuwekea vifungo. Mtoto wa miaka mitano kutaka kulinywea maziwa ni utoto. Babu wa miaka sabini kumimina hayo maziwa kisha akasimama na saa kuhesabu sekunde, hilo nalo tuliiteje? Nilidhani nimekupelekea mtoto mmoja, kumbe wamekuwa wawili.

Kiwavi ana jicho la tatu kwa sababu Chiriku alisema ni la kumlinda Babu anaposinzia kitini mchana. Sikuona kosa la kusahihisha hapo.

Kwa kuwa umeniita mwokota takataka, nakunakilia ukurasa wa daftari langu uone takataka zinavyopikwa. Unga wa kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, maji kidogo kidogo mpaka uache kung'ang'ania vidole. Chumvi ndiyo inayouzuia kuoza, na kama lile donge liliota ukungu basi mlilifungia kwenye mfuko likiwa bichi, jambo lililoandikwa kwenye kibandiko ambacho hukusoma. Gundi: uji mwepesi wa unga, uchemke mpaka uwe kama maji ya wali, upoe. Rangi: manjano, bitiruti, majani ya chai. Vyote vimo katika jiko la mtu yeyote anayeishi, hata jiko la mjane kama wewe.

Na wewe unamfundisha nini, kama si kosa kuuliza? Ameniambia kwako hukaa kwenye kigoda akisikiliza saa zako kumi na moja zikigonga. Hebu fanya naye kazi moja. Moja tu, ya vitu vilivyomo nyumbani. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini halijawahi kutengeneza hata kiwavi.

Mkweo,
Mwalimu


24 Julai

Mkwe,

Moja ulitaka. Nimefanya tatu.

Ya kwanza, saa ya boksi la viatu. Mishale miwili ya kadibodi, kifungo cha koti katikati, tarakimu kumi na mbili zilizopimwa kwa bikari. Sasa Chiriku anasoma saa na nusu saa. Wewe ulikuwa naye Juni nzima na alikuja akidhani adhuhuri ni aina ya chakula.

Ya pili, siagi. Malai kwenye chupa ya jemu, mfuniko umekazwa, mtoto anatikisa, mimi nahesabu. Mtikiso wa mia sita na arobaini, siagi ikajikusanya. Tukaipaka kwenye mkate tukiwa kimya. Yaani mimi nilikuwa kimya.

Ya tatu, fuwele za chumvi. Maji ya moto, chumvi hadi ikatae kuyeyuka, uzi uliofungwa kwenye penseli. Tunazipima kila asubuhi kwa rula. Jana zilifika milimita sita.

Nimesoma ukurasa wako. "Maji kidogo kidogo" si kipimo, ni uvivu uliovaa aproni. Kwa vikombe viwili vya unga na kimoja cha chumvi ni mililita mia mbili na ishirini. Nimekuandikia pembeni usije ukasahau.

Na ujue kazi yote kaifanya yeye. Yeye alikata, yeye alitoboa, yeye alitia uzi. Mimi nilikaa na kuelekeza. Samaki mkunje angali mbichi, Mkwe, si kumwacha apake uji kwenye magazeti na kumpigia makofi.

Dereva atamchukua tarehe thelathini na moja. Siweki boksi. Vitu vyangu vinafanya kazi, kwa hiyo vinabaki kazini.

Fundi Saa


12 Agosti

Mkwe,

Nimesubiri siku kumi na mbili hasira ishuke. Haikushuka, kwa hiyo naandika nayo.

Mtoto amerudi na ufundi ambao sikumtuma kuutafuta. Anavunja yai bila kudondosha ganda. Anatia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Anapaka siagi mpaka pembeni kabisa mwa mkate kisha anaukata vipande vidogo vidogo, anapanga kwenye sahani, halafu anasimama pembeni na kusubiri. Anasubiri, Mkwe! Mikono imeunganishwa mbele, kama mhudumu wa hoteli.

Wiki iliyopita alikuja fundi bomba kuzibua sinki. Alipomaliza akashusha mikono ya shati lake, na kabla hajaigusa, Chiriku alikuwa ameshamfunga vifungo vyote viwili. Kisha akamwambia mwanamume wa watu, "Kidevu juu," akanyoosha mkono kutafuta kifungo cha shingoni. Fundi alicheka. Mimi nilitafuta pa kuficha uso.

Na jana, nilipoinua kikombe changu cha chai, alinishika kifundo cha mkono na kusema, "Twende polepole, mkono umelala." Mkono wangu haujalala! Nina miaka sitini na sita na ninaukanda unga wa mkate kila asubuhi. Kama huo ndio mzaha unaomfundisha kuhusu uzee wangu, basi umekosa adabu ambayo hata mkwe mbaya huwa nayo.

Nilidhani unacheza naye. Kumbe umejipatia mtumishi wa miaka mitano, wa kukupikia, kukuvisha na kukulisha mkate, ili wewe ukae kitini na "kuelekeza". Nilisikia kwamba wajane hudeka, sikujua wanaweza kufika hapo.

Wazazi watajua haya kabla ya Novemba. Na kama unataka kujua, hajakutaja hata siku moja.

Mwalimu


20 Agosti

Mkwe,

Barua hii nimeipiga kwa taipureta, ili usihangaike kutoa alama za mwandiko.

Kazi haijaua mtoto. Kilichoua watoto ni kubembelezwa. Ndiyo, ananifunga vifungo. Ndiyo, anakata mkate. Kama kwako heshima kwa mkubwa inaitwa utumishi, nashangaa ulifundisha nini miaka yote hiyo, nawahurumia na waliokaa madawati ya mbele.

Kuhusu mkono wako, sikumfundisha mzaha wowote. Watoto husema mengi.

Waeleze wazazi upendavyo. Mimi nitawaonyesha mtoto anayesoma saa.

Nafurahi kusikia kwamba hanitaji. Maana yake hana dukuduku.

Fundi Saa


6 Septemba

Mkwe Fundi,

Kwa hiyo sasa tunapigiana taipureta kama ofisi mbili za serikali. Herufi "a" ya mashine yako inaruka juu ya mstari. Fundi wa vitu vidogo asiyeona hilo, akili ni nywele kweli.

Mtoto yuko kwako mpaka mwisho wa mwezi, nami siwezi kulizuia hilo. Naweza kukupa kazi ya kufanya naye ambayo si ya kukuhudumia. Biskuti. Unga vikombe viwili, siagi nusu, sukari nusu, yai moja. Mkande pamoja, ninyi wawili, mikono minne ndani ya bakuli moja, maana raha yote iko hapo. Msukume, mkate maumbo kwa kisu butu, muoke dakika kumi na tano. Huhitaji kuwa na cheti.

Yeye asikaribie oveni wala jiko. Wewe ndiye unayewasha, wewe unayemimina cha moto. Nalirudia kama nilivyolirudia kwa wanafunzi wagumu: cha moto ni cha mkubwa.

Mwalimu


29 Septemba

Mkwe,

Biskuti zimefanyika. Dakika kumi na tano ni nyingi. Kumi na mbili na nusu. Hatukutumia kisu. Tulikata kwa uzi uliokazwa, kama wanavyokata sabuni viwandani, na kingo zimenyooka kuliko chochote kilichowahi kutoka jikoni kwako. Alizikanda yeye. Mimi sipendi unga kwenye vidole.

Kesho Dereva anamrudisha. Juu ya mguu wa kulia ana alama ya kuungua, ndogo kama punje ya haragwe. Ni chai. Jiko niliwasha mimi. Tabibu wa zahanati aliisafisha siku ileile na nimeweka dawa kwenye mfuko wake wa nguo. Ipakwe asubuhi na jioni. Kikombe kimoja kilivunjika.

Usimwulize sana.

Fundi Saa


18 Oktoba

Mkwe,

Dereva amenieleza. Inasemekana umewaandikia wazazi kwamba humtaki mtoto tena, si Novemba hii, si Januari, si zamu, si likizo. Inasemekana umeandika kwamba "ana kelele" na anakuharibia usingizi wa mchana.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka jirani akachungulia dirishani.

Julai ulikuwa na bikari na milimita. Oktoba umeshindwa na mtoto wa kimo cha meza. Ulimtuma akumiminie chai, akaungua, ukaona aibu, ukatafuta mlango wa kutokea. Ukaukuta: kelele! Mtu mwenye saa kumi na moja za kugonga ukutani analalamikia kelele.

Maji yamezidi unga, Fundi. Ungesema hivyo tu, ningekuheshimu kidogo. Sasa sina hata hicho kidogo. Mtoto anabaki kwangu, na nyumba hii itajaa viwavi.

Mwalimu


25 Oktoba

Mkwe,

Hongera.

Hapendi maziwa yenye utando. Ukichemsha, uutoe kabla hajauona.

Fundi Saa


9 Novemba

Mkwe,

Kaa chini kabla ya kusoma.

Jana alasiri nilikuwa nakata mihuri ya viazi, ile ya kuchovya kwenye rangi na kupiga chapa. Nikaona kimya kimezidi. Nyumba yenye Chiriku ikinyamaza kuna jambo. Nikamkuta ushorobani amejaza kikombe maji mpaka ukingoni, amekishika kwa mikono miwili, anatembea kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, akifika anarudi. Sakafu imelowa. Nikamwambia aache kuchezea maji.

"Sichezi, Bibi. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kutoachia."

Nikaweka kisu chini. Nikamuuliza nani amemwambia anaachia.

"Hakuna. Mimi mwenyewe niliachia. Babu mkono wake ukilala, mimi naushika hapa, tunasema twende polepole, tunafika mdomoni. Sasa siku ile pua iliniwasha. Nikaachia nijikune. Kidogo tu, Bibi! Chai ikaruka. Babu akalia."

"Wewe ndiye uliyelia."

"Mimi nililia kidogo. Babu alilia sana. Ndiyo maana hanitaki. Lakini nikishajua vizuri atanichukua."

Mkwe, nilifundisha watoto miaka thelathini na moja, na nilijisifu kwamba mtoto hawezi kunificha kitu. Nilikuwa na kila kitu mbele yangu. Vifungo. Kidevu juu. Mkate wa vipande vidogo. Taipureta. Uzi badala ya kisu. Alinishika mkono kabisa, akaniambia kwa mdomo wake, nami nikaona dharau, kwa sababu kwako sikuwa natafuta kitu kingine. Naona aibu. Naiandika hapa kwa wino ili usiseme sikuwahi kuikiri.

Sasa zamu yako.

Wewe ni mwoga. Umeona bora mtoto aamini hapendwi kuliko mimi nijue mikono yako inatetemeka. Ungekuwa umepoteza nini? Ningekucheka? Nimekucheka tangu Julai na bado unakula! Badala yake umemwacha mtoto wa miaka mitano ajifukuze kazi mwenyewe, na anafanya mazoezi ushorobani ili arudishwe. Nimejua watu wenye kiburi, mmoja niliolewa naye, lakini kiburi cha kumlipisha mtoto sijapata kukiona. Kiburi hicho kidharau mwenyewe, mimi nimechoka.

Na moja zaidi, maana leo ni siku ya kusema. Agosti nilikuandikia kwamba hakutaji. Uongo. Alikutaja alipoamka, alikutaja akila, alimwambia hadi muuza mboga kwamba babu yake anajua siagi ilikojificha. Usiku wa kwanza wa kila zamu yangu hulia akikutaka. Sikutaka ujue. Kila mtu na uoga wake.

Mwandikie. Si mimi, yeye. Na usimpigie taipureta. Aone huo mkono. Mwandiko uwe mbaya utakavyokuwa, nimesoma kazi za darasa la kwanza maisha yangu yote.

Mwalimu


16 Novemba

Chiriku mjukuu wangu,

Bibi atakusomea. Mwandiko ni mbaya. Mwambie asinune.

Hukukosea. Pua ikiwasha inakunwa. Mtu yeyote angeachia. Mkono ulioangusha chai ni wa kwangu.

Nilikudanganya kwamba umelala. Mkono ukilala huamka. Huu ni mgonjwa, na ule mwingine pia, tangu mwaka juzi. Daktari alinipa dawa. Inasaidia asubuhi, mchana inachoka, na tangu Agosti hata asubuhi siwezi kuandika vizuri. Hautapona. Wewe ulikuwa unaushika vizuri kuliko dawa.

Nilisema sikutaki. Hilo ni neno baya na halikuwa kweli. Nilikuunguza nikaogopa. Mtu mzima akiogopa husema upumbavu kwa sauti nzito, watu wakadhani ameamua jambo.

Huna kelele. Unazo. Nilizipenda.

Kuandika hapa kumenichukua siku tatu.

Babu


23 Novemba

Mkwe,

Nimemsomea, mara nne. Mahali pa pua aliniomba nipasome tena, hapo tu. Hakulia. Aliichukua barua, akaigeuza juu chini, akasema, "Babu anaandika kama mimi," na alilisema kwa fahari kubwa. Sikumsahihisha.

Sasa nisikilize vizuri, na usijibu kwa milimita. Nimeshawaandikia Nesi na Dereva. Nimewaambia ukweli wote, pamoja na ule wa kwangu. Nimewaambia asome shule hapa, kwa sababu shule iko hatua mia mbili kutoka mlango wangu na kwa sababu mtoto hawezi kuwa mikono ya mtu mzima mwaka mzima. Nalo hilo ulikuwa unalijua, sema ulichagua njia ya kijinga ya kulisema. Desemba yote ni yako, na kila likizo baada ya hapo. Wamekubali.

Masharti ni yangu. Yule mama anayekufulia atakuja asubuhi na jioni, yeye ndiye wa jiko. Nimempigia simu, ameniambia amekuwa akijitolea tangu mwaka jana nawe unamfukuza kwa adabu. Chai utakunywa kwenye kikombe cha mfuniko na mrija. Najua, ni cha watoto wachanga. Utajifunza. Mtoto akitaka kukushika mkono, akushike kwa kupenda, si kwa zamu ya kazi. Na mkikanda unga, utaingiza na wewe vidole humo ndani, vitetemeke. Unga hauna habari. Mkono unaotetemeka unakanda vizuri kuliko wa fundi anayeogopa kuchafuka.

Sikuhurumii, usije ukajidanganya. Bado wewe ni mtu mgumu, mwenye majivuno, na saa zako zina kelele.

Jambo la mwisho. Jioni nilipokuwa nikimwogesha, aliuliza, "Sasa Babu kamba za viatu anafungwa na nani?" Nikasema sijui, labda anajifunga. Akanitazama kama unavyonitazama wewe kwenye barua. Nikamwahidi nitauliza.

Basi, nauliza.

Mwalimu


28 Novemba

Mkwe,

Yule mama alianza kuja jana. Anaongea kuliko redio. Mrija unavuja pembeni. Masharti yako mengine ni ya kidhalimu na nimeyakubali.

Kuhusu viatu, mwambie navaa ndala. Tangu alipoondoka sijatoka nje.

Fundi